Maua yakifunguka, bomba libaki ghalani

MASWALI YA WASOMAJI

Barua nyingi za msimu huu zimeuliza jambo moja kwa namna tofauti: nyuki wanakufa, mazao yanapungua, na bomba la dawa liko katikati. Tumechagua sita. Mbili tumezijibu kwa urefu kwa sababu mambo yake yanawahusu wengi.

*Shikamoo mhariri. Nina mizinga 22 pembeni mwa mashamba ya alizeti. Juzi alfajiri nimekuta nyuki wamejaa chini mbele ya mizinga 9, wengine bado wanatetemeka. Jirani alipuliza dawa siku iliyotangulia, lakini anasema huo ni ugonjwa tu. Nitajuaje ukweli, na nifanye nini sasa?*
— Mfugaji nyuki, Ikungi, Singida

Marahaba, na pole sana. Anza na hesabu. Kundi lenye nguvu huzika wafanyakazi wake kila siku, maana nyuki kibarua wa msimu wa kazi nyingi haishi zaidi ya wiki 6 hivi. Ukikuta maiti wasiozidi 100 kwa siku mbele ya mzinga, hiyo ni kawaida. Wakifika 200 hadi 400, shuku sumu kidogo. Kuanzia 500 hadi 900 ni sumu ya wastani, na wakivuka 1,000 kundi limepigwa vibaya. Hesabu hii ifanye kunapopambazuka, kwa sababu sisimizi huanza kubeba maiti mapema, na kufikia saa 4 asubuhi ushahidi umekwisha. Ukitandika shuka jeupe au mfuko wa sandarusi uliopasuliwa mbele ya kila mzinga, utaona wanaoanguka leo bila kuwachanganya na wa jana.

Kisha chukua maiti mmoja umweke kiganjani. Nyuki aliyekufa kwa sumu mara nyingi ana ulimi uliochomoza, mabawa yametanuka, na wakati mwingine bado ana donge la chavua miguuni, kwani kifo kimemkuta akitoka kazini. Nyuki waliokufa kwa njaa utawakuta ndani, vichwa vimezama kwenye vyumba vya sega na makalio nje, na masega hayana asali. Siafu wakivamia huacha mzinga mtupu au umeguguniwa. Utitiri wa varroa, ambao ulithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, huacha nyuki wachanga wenye mabawa yaliyojikunja, na tena nyuki wetu wa Afrika huuvumilia vizuri. Hatujui ugonjwa wa nyuki unaoangusha mizinga 9 kwa usiku mmoja ikiwa jana yake ilikuwa salama. Kwa maelezo yako, dawa ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Ushahidi wa maabara unakusanywa ndani ya saa 24. Okota maiti wabichi, siyo waliokauka, wajae nusu ya kikombe cha mililita 250. Hapo utakuwa na nyuki 300 hivi. Wafunge kwenye karatasi safi au bahasha, wala usiwaweke kwenye mfuko wa plastiki peke yake, maana humo huvunda haraka. Gawa mafungu mawili, andika tarehe, saa na namba ya mzinga, weka kwenye friza ya jirani au duka la vinywaji baridi. Piga picha za chini ya mizinga na za shamba lililopulizwa, na ukipata jina la dawa kwenye chupa iliyotupwa, lipige picha pia bila kuishika chupa kwa mkono mtupu. Fungu moja mkabidhi afisa nyuki wa wilaya kwa maandishi, ukiomba lifike Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya 2020. Fungu la pili baki nalo.

Sasa mizinga yenyewe. Usikimbilie kufungua yote, kwani kundi lililopigwa likisumbuliwa huhama. Fungua mmoja jioni kwa moshi kidogo. Ukikuta malkia yupo na majana (watoto wa nyuki) yapo, lakini nyuki wa kuyafunika ni wachache, toa masega yenye chavua iliyowekwa akiba siku za karibuni. Chavua hiyo ndiyo wanayolishwa majana, na ikiwa na sumu vifo vitaendelea wiki kadhaa baada ya jirani kuacha kupuliza. Punguza mlango hadi upana wa vidole viwili ili nyuki waliobaki waweze kuulinda. Wape sharubati ya kilo 1 ya sukari kwa lita 1 ya maji, ndani ya mzinga na wakati wa jioni, isije ikaita wezi kutoka makundi mengine. Asali ya mizinga hiyo msimu huu usiiuze.

Na jirani? Mwendee kabla ya msimu ujao, naye anapaswa kujua kinachotokea shambani kwake. Kichwa kimoja cha alizeti kina mamia ya vijiua. Vinafunguka kwa duara kutoka ukingoni kuelekea katikati, kwa siku 5 hadi 10. Kila kijiua siku ya kwanza hutoa chavua, na siku inayofuata ndipo sehemu ya kike huwa tayari kuipokea. Asipokuwepo mdudu wa kubeba chavua, mbegu nyingi zinabaki maganda matupu, hasa katikati ya kichwa. Viwavi wa alizeti wapigwe dawa kichwa kikiwa bado kitumba cha kijani. Mkulima anayepuliza baada ya hapo anakata mafuta yake mwenyewe.

*Muuza pembejeo ameniambia dawa yenye utepe wa kijani kwenye lebo haina madhara, hata kwa nyuki. Mimi nalima nyanya, na sijawahi kuona nyuki kwenye nyanya. Kwa hiyo nina haja gani ya kujali?*
— Mkulima wa nyanya, Ilula, Iringa

Utepe wa rangi unazungumzia mwili wa binadamu. Nyekundu ni hatari kubwa kwako wewe unayepuliza, kisha njano, kisha buluu, na kijani ni nafuu. Nyuki hamo katika hesabu hiyo kabisa. Spinosadi, kwa mfano, kwa binadamu ni miongoni mwa dawa nyepesi, lakini ikiwa bado mbichi juu ya ua humuua nyuki. Geuza chupa usome maandishi madogo: tafuta maneno "sumu kwa nyuki" au "usipulize wakati wa maua". Kisha soma jina la kiambata amilifu, yaani sumu yenyewe iliyomo ndani ya dawa, maana jina la biashara hubadilika kila msimu na kiambata kikabaki kilekile.

Kwa ufupi, viambata unavyovikuta madukani vimekaa hivi. Imidakloprid na thaiamethoksam huingia ndani ya mmea na kutokea kwenye chavua na mbochi, yale maji matamu ya ua. Kupuliza usiku hakumwokoi nyuki, kwa sababu sumu iko ndani ya ua lenyewe. Klorpirifosi hubaki kali juu ya majani kwa siku kadhaa, na dimethoeti vilevile. Lambda-sihalothrini na sipamethrini huua papo hapo na huendelea kuua kwa zaidi ya siku moja. Spinosadi hupungua makali sana ikishakauka, baada ya muda wa saa 3 hivi. Klorantraniliproli na dawa za bakteria aina ya Bt zina madhara madogo kwa nyuki, na zote mbili hufanya kazi kwa kantangaze, kiwavi anayeshambulia nyanya. Asetamiprid ni nafuu kuliko ndugu yake imidakloprid, lakini ukiichanganya kwenye bomba moja na baadhi ya dawa za ukungu za kundi la triazoli, makali yake kwa nyuki huongezeka mara nyingi. Wakulima wengi huchanganya dawa tatu ili kuokoa mzunguko mmoja wa kupuliza, na hapo ndipo mambo yanapoharibika pasipo mtu kujua. Dawa ya unga nayo ni mbaya kuliko ya maji: punje zake hunata kwenye manyoya ya nyuki kama chavua, naye huzipeleka nyumbani na kuzihifadhi.

Kuhusu nyanya, ni kweli kwamba nyuki wa asali huipita. Ua la nyanya halina mbochi, na chavua yake imefungiwa ndani ya kijibomba cha njano chenye tundu dogo nchani. Ili itoke, mdudu lazima aling'ate ua na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa. Nyuki wa asali hawezi. Wanaoweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao, na yule mwenye milia ya buluu tumboni anayeruka kwa kasi akisimama hewani. Ingia shambani asubuhi, chuma maua 20 yaliyofunguka jana, uangalie kile kijibomba. Ukiona makovu ya kahawia kama alama za meno, ujue wamekuja na kukufanyia kazi. Upepo pia hulitikisa ua, ndiyo maana unapata nyanya hata bila wao, ila ua lililotetemeshwa hutoa tunda kubwa lenye mbegu nyingi.

Nyuki wa asali nao wamo shambani kwako, chini, kwenye magugu yenye maua kati ya matuta. Yafyeke siku moja kabla ya kupuliza. Puliza baada ya saa 12 jioni, nyuki walipokwisha kurudi, maana nyuki wetu hutoka kabla jua halijachomoza na hawana utaratibu wa kulala mapema. Mabaki ya bomba usiyamwage kwenye mfereji. Nyuki hunywa hapo.

*Matikiti yangu yanatoka yamepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa. Nimeongeza mbolea na maji, hayabadiliki. Je, ni mbegu mbovu?*
— Mkulima, Mkuranga, Pwani

Hapana, mbegu usiilaumu. Ua jike la tikiti, lile lenye kitikiti kidogo chini ya petali, hufunguka asubuhi moja tu na mchana limeshajifunga. Ndani yake kuna ncha tatu za kupokea chavua, na zote zinahitaji kupakwa sawasawa, takriban punje 1,000 kwa jumla. Hilo halifanyiki kwa ziara moja. Ua linahitaji kutembelewa angalau mara 8. Ncha mbili zikipata na moja ikakosa, upande usiopata mbegu haukui, na tunda linajikunja kuelekea huko. Mbolea haiwezi kurekebisha.

Fanya kipimo hiki: kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, siku isiyo na mvua, tembea taratibu ukihesabu maua yaliyofunguka na nyuki waliomo. Ukikosa hata nyuki mmoja kwa kila maua 100, wachavushaji hawatoshi. Waulize wenye manzuki (mahali pa kufugia nyuki) wa karibu kama watakukodisha au watatundika mizinga, mmoja hadi miwili kwa ekari. Mizinga iletwe usiku, shamba likiwa limefunguka maua kama asilimia 10. Ukiileta mapema zaidi, nyuki watazoea malisho ya nje na kulisahau shamba lako. Iwekwe kwenye kivuli chepesi, mlango ukielekea mbali na njia ya watu na nyumba. Nyuki wetu ni wakali, hivyo tunashauri mita 200 au zaidi kutoka mahali watoto wanapocheza na mifugo inapofungwa. Andikianeni: mwenye shamba hatapuliza mizinga ikiwa shambani, na akilazimika atatoa taarifa siku 2 kabla. Karatasi ya ukurasa mmoja yenye sahihi mbili inatosha.

Wengine hufunika mizinga kwa magunia yaliyoloweshwa asubuhi baada ya jirani kupuliza. Inasaidia kwa saa chache tu, na gunia lazima lirudiwe maji. Mzinga uliozibwa kabisa juani huchemka ndani, masega hulainika joto likipita nyuzi 40, na kundi zima hufa kwa joto kabla hata sumu haijawafikia.

*Nyuki weusi wakubwa wametoboa boriti za banda langu. Mume wangu anataka kuwapuliza dawa. Lakini nina pasheni za njano nyuma ya nyumba, na mama mkwe anasema hao ndio wanaozifanya zizae. Nani ana haki?*
— Msomaji, Muheza, Tanga

Mama mkwe. Pasheni ya njano haiwezi kujizalisha kwa chavua yake yenyewe. Inahitaji chavua ya mmea mwingine, na ua lake ni kubwa mno kwa nyuki wa asali: yeye huingia kwa chini, hukusanya chavua na kuondoka bila kugusa ncha za kike zilizo juu. Nyuki mweusi mkubwa ana kimo kinachofaa. Anapoinama kunywa mbochi mgongo wake husugua chavua, na kwenye ua linalofuata mgongo huohuo hugusa ncha za kike. Mtazame mmoja mchana ukaone mgongo wake ulivyopakwa unga wa njano. Ua hufunguka karibu na adhuhuri, na kwa muda kidogo zile ncha huinama chini kumpokea, kwa hiyo dawa yoyote kati ya saa 6 mchana na machweo inapiga palepale. Pasheni ya zambarau ni tofauti. Hiyo hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya mchana.

Boriti zako zinaweza kuokolewa. Paka rangi ya mafuta au oili chafu mbao zote zilizo wazi, maana nyuki huyu hupenda mbao kavu zisizopakwa kitu. Kisha mpe nyumba mbadala: magogo makavu ya mti laini, unene wa sentimita 10 au zaidi, urefu wa mita 1, yaliyotobolewa tundu la kuanzia lenye upana wa milimita 12 na kina cha sentimita 5. Yaning'inize mlalo chini ya kiezeko kidogo cha makuti karibu na pasheni, mvua isiyafikie. Matundu ya zamani kwenye boriti yazibe baada tu ya kuona wamehama, na uangalie usiku kama hayana wenyewe.

*Kakao yangu ina maua mengi mno shinani lakini matunda machache. Nimeambiwa nilete mizinga.*
— Mkulima, Kyela, Mbeya

Usipoteze fedha kwa mizinga. Ua la kakao huchavushwa na vijimbu vidogo sana, milimita 1 hadi 3, ambavyo huzaliana kwenye mimea inayooza palipo na unyevu na kivuli. Kata migomba iliyokwisha kuvunwa vipande vya sentimita 20 hadi 30, uvirundike chini ya mikakao mahali penye kivuli, uongeze vipya kila vikikauka. Maganda ya kakao yenye madoa meusi ya kuoza usiyarundike, yana ugonjwa. Na acha kupuliza shina wakati wa maua. Ua ambalo halijafikiwa huanguka ndani ya siku moja au mbili.

*Sisi ni kikundi cha wafugaji nyuki. Tumechoka kuomba majirani mmoja mmoja. Je, kuna sheria inayotulinda, au tusubiri serikali ipige marufuku dawa hizi kama Ulaya?*
— Mwenyekiti wa kikundi, Manyoni

Msisubiri. Umoja wa Ulaya ulianza kuzuia matumizi kadhaa ya imidakloprid, klothianidini na thaiamethoksam mwaka 2013, na mwaka 2018 ukapiga marufuku matumizi yote ya nje, ukaacha yale ya ndani ya nyumba za vioo tu. Ilichukua miaka na mabishano mengi. Sisi tuna Sera ya Ufugaji Nyuki ya 1998, Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya 2002, Sheria ya Afya ya Mimea tuliyoitaja, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inayokataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Zote zina faida. Ila sheria ya Dodoma haiwezi kujua alizeti ya kijiji chenu imechanua lini. Anayejua ni kijiji, na kijiji kina uwezo wa kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982.

Njia ni hii. Kikundi kinapeleka hoja kwa Halmashauri ya Kijiji. Mkutano wa kijiji unaitishwa, wananchi wanatoa maoni, Halmashauri ya Kijiji inapitisha rasimu, na rasimu inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Bila idhini hiyo faini yoyote mnayotoza haina nguvu. Rasimu nyingi hukwama wilayani kwa sababu zimeandikwa kwa hasira: "ni marufuku kupuliza dawa kijijini". Hakuna halmashauri itakayoidhinisha hilo, wala wakulima hawatalifuata, na wala sisi hatulitaki, kwa sababu mkulima wa nyanya naye ana watoto wa kusomesha.

Andikeni mambo machache yanayopimika. Hakuna kupuliza kiuawadudu zao likiwa limechanua, kati ya saa 11 alfajiri na saa 12 jioni. Taarifa ya saa 48 kwa wenye manzuki walio ndani ya kilomita 3, kwa ujumbe wa simu au kupitia mwenyekiti wa kitongoji. Ukanda wa mita 2 kingoni mwa shamba usiopulizwa kiuagugu, ambako mrehani, mbaazi na maua ya porini yanaachwa yachanue. Ukanda huo huo ndio makazi ya nyuki wa porini ambao wengi wao hutoboa udongo mtupu na kulea watoto humo, wasioonekana kwenye daftari la afisa yeyote. Mizinga mipya ya magome isitengenezwe, kwani mti uliobanduliwa gome hufa na maua yake ya miaka yote ijayo yanakwenda nao. Upande wenu pia muwajibike: kila manzuki iandikishwe ofisi ya kijiji, iwe na bango na namba ya simu, na iwe mbali na makazi. Mkulima hawezi kumpa taarifa mtu asiyemjua.

Chora ramani ya manzuki hizo kwenye karatasi kubwa, ibandikeni ofisini na nakala moja ipelekwe kwa afisa kilimo wa wilaya. Ndege za kupuliza kwelea kwelea hutumia fenthioni, ambayo ni sumu kali kwa nyuki. Afisa akiwa na ramani yenu mezani, kuna mtu wa kumpigia simu ili mizinga ihamishwe usiku ule kabla ndege haijaruka.